Shamba la Magugu la Bibi Arusi

Munje, Msambweni
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu kipenzi Rukia,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Nakuandikia nimekaa mkekani karibu na dirisha, mvua imekatika hivi punde na makuti bado yanadondosha. Kama barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mu wazima, basi nusu ya moyo wangu itapoa. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Bado anaficha dawa chini ya mto na kusema ameshakunywa? Mimi mwili u mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haukai.

Utauliza kwa nini barua, na simu zipo. Dada, nimekupigia na kila mara nimeishia kulia, ukabaki unasema, "Alo? Zuhura? Umepigwa?" Sijapigwa. Wallahi mume wangu hata mlango haubamizi. Basi kwa kuwa Bi Salma wa leso anarudi Faza keshokutwa, nimeona nimkabidhi karatasi. Karatasi haikatwi na kilio.

Kwanza niache nimsifu, maana hapa hakuna wa kumwambia. Wanawake wenzangu wa mtaa huu wameshazoea waume zao, nikianza kusema habari za Hamisi wananitazama kama mtoto aliyepewa kanzu ya Idi. Dada, huyu mtu akirudi kazini husimamisha pikipiki mbali, huko njiani, aje kwa miguu, ili mlio usinishtue. Akiona nimejifunga leso mpya husoma jina la leso, yale maandishi yake, kwa sauti, neno kwa neno, kama kwamba nimemwandikia yeye. Siku ya kwanza nilipounguza wali aliula ukoko wote akasema kwao ukoko ni wa bwana arusi. Si kweli, nimeuliza. Tangu tuoane baada ya Ramadhani sijaamka siku moja nikajuta. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yaliyobaki.

Kazi yake uliambiwa ni mtunza bustani Diani. Ni kweli, lakini si maua hasa anayotunza. Anatunza kobe. Bibi mmoja wa Kizungu, mzee sana, Hamisi humwita Mama Inge, alikuwa nao nyumbani kwake kwa kibali cha serikali, kobe wa nchi kavu wenye magamba ya madoadoa. Mkubwa wao ni Nahodha, ukimkalisha mtoto juu yake anakwenda naye. Mdogo kabisa wamempa jina la Bi Taratibu, na ndiye mwenye mbio kuliko wote. Mara ya kwanza kupelekwa kuwaona nilicheka mpaka nikakaa chini. Hamisi akanitambulisha kwao! "Huyu ndiye mke wangu," akawaambia, na Nahodha akatoa kichwa, akanitazama kwa jicho lile la kizee, akaanza kunitafuna kidole cha mguu kwa sababu nilipaka hina. Nilipenda pale pale. Nilimpenda Nahodha, na Hamisi nikampenda upya.

Mama Inge aliugua akapelekwa kwao. Anayeangalia nyumba sasa ni mpwa wake, aliye huko huko, na neno lake ni moja: kobe wakiwepo mtunzaji yupo, kobe wasipokuwepo mtunzaji wa nini. Nasi tukasema sawa, kobe huishi miaka mingi kuliko mtu.

Halafu kiangazi kikatushika. Kobe hawali mboga za sokoni kama tulavyo sisi. Kabeji na mchicha wa kununua huwaharibu tumbo. Chakula chao ni magugu, hasa mchunga, na talakushe, na kongwa, vile vyote ambavyo mkulima akiviona shambani hushika jembe. Hamisi alikuwa akiyachuma kando ya kuta za majumba makubwa huko Diani, ambako bustani humwagiliwa mwaka mzima. Siku moja, pasipo kujua, akachuma palipopulizwa dawa ya kuua magugu. Kobe mmoja akafa. Dada, sijawahi kumwona mwanamume akiosha maiti ya mnyama. Alimwosha, akamfukia, akaja nyumbani hakula.

Kwa kuwa kobe wa kibali akifa lazima uripoti, akaja bwana mmoja wa wanyamapori. Si mtu mbaya. Aliwatazama wote, akawageuza, akawapima, akasema wamekonda. "Hamisi," akasema, "mvua zikikaribia nitarudi. Nikikuta una chakula cha uhakika, kisafi, kobe wabaki. Nisipokikuta nawachukua, tusilaumiane."

Na huku kaka yake mkubwa, aliye Uarabuni, keshamtafutia kazi ya ulinzi, mkataba wa miaka miwili, anapiga simu kila Ijumaa: "Unangoja nini? Unangoja kobe?" Sasa umeelewa, dada. Kobe wakibaki, mume wangu anabaki. Kobe wakienda, naye anakwenda.

Ndipo tukaamua kupanda magugu.

Cheka tu, nami nilicheka. Nyuma ya nyumba hapa Munje mama mkwe ana kipande cha shamba kando ya kisima, udongo mzuri, hakijawahi kupulizwa dawa ya aina yoyote. Hamisi akasema tutapanda hapa, nami nitakuwa mkulima mkuu kwa kuwa yeye yuko Diani mchana kutwa. Nikakubali kama aliyepewa shamba la karafuu.

Kumbe magugu yakitakiwa yana maringo! Mbegu za mchunga zina manyoya meupe, upepo ukivuma kidogo zimeshavuka kwa jirani. Ilibidi nizichume asubuhi kungali na umande, nizifunge kwenye upindo wa leso. Talakushe nayo, vitumba vyake vikikauka hupasuka, tak! mbegu zikaruka huko. Nilizitandaza juu ya sinia ndani ya nyumba, siku ya mapumziko tukiwa tunakula chakula cha mchana zikaanza: tak, tak, tak. Hamisi akavua kofia yake ya kutarizi, ile ya arusi, akazifunika. "Zitatulia," akasema, "hii kofia imewahi kunituliza mimi mbele ya babako." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Mbegu zenyewe ni ndogo kama vumbi, nikazichanganya na mchanga wa pwani uliooshwa chumvi ili zisirundikane, nikatengeneza matuta, nikamwaga kwa mistari, nikafunika kwa makuti. Nilizopanda mwanzo sisimizi wakazibeba zote. Safari ya pili hazikuota. Nilikuwa nikiinama kila asubuhi, mtu na elimu yangu ya kidato cha nne, nayaomba magugu yaote. Kuanzia hapo nikapata akili: nikamwagia maji kwa kopo lililotobolewa, taratibu, alfajiri na jioni, nikazungushia majivu. Siku iliyotokea mistari ya kijani nilimpigia Hamisi kazini, nikashindwa kusema, yeye akasema, "Yameota?" Nikasema, "Yameota, mume wangu." Tukanyamaza wote wawili, salio likaenda bure.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Mwanasiti. Ni jirani yetu, mama mwenye sauti na mkono, ndiye mkubwa wa kikundi cha wanawake hapa. Alipita akasimama uani.

"Mwali, hujambo? Umepanda nini hapa?"

"Shikamoo mama. Ni mchunga. Na kule mwisho ni talakushe."

"Mchunga?"

"Ndiyo, mama. Wa kobe."

Alinitazama. Kisha akashika mti wa uzio akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani. "Jamani njooni! Mke wa Hamisi ana maneno! Mchunga hupandwa? Kesho atatuambia amepanda mchanga!"

Mwenzake akasema, "Mwache, watu wa kisiwani hao. Kwao jembe ni pambo la ukutani."

Nikacheka nao. Bibi arusi gani atakayebishana na mama wa watu? Nilidhani wamesikia. Kumbe walichoelewa ni kwamba mwali wa Hamisi hajui kulima, shamba la mama mkwe limemshinda limeshika magugu, na maskini anaificha aibu kwa mzaha. Wakanihurumia, dada. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba walinihurumia.

Mama mkwe hakuwepo. Alikwenda Kikoneni kwa wifi yangu aliyejifungua, akae naye mpaka arubaini. Angekuwepo yasingetokea. Siku moja mimi nikaenda Diani na Hamisi kuwaogesha kobe, maana wakati wa kiangazi huwekwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu wanywe na walainike. Siku hiyo nilikuwa na furaha ya kijinga. Mchunga ulikuwa umefika gotini, laini, unatoa maziwa ukiukata, na jioni hiyo Hamisi alikuwa aje na magunia tukate mkato wa kwanza. Nilimwambia Nahodha sikioni, ingawa sijui sikio lake liko wapi, kwamba kesho atakula mpaka asahau jina lake. Nikatangulia kurudi nikaanze kukata.

Nilisikia nyimbo tangu njiani. Huku wana desturi, wanaiita mweria. Mtu akizidiwa na kazi ya shamba, majirani hujikusanya, huja na majembe yao, humlimia kwa siku moja huku wakiimba, bila malipo. Mwenye shamba kazi yake ni kuwapikia tu. Kwa mwali mgeni ni heshima kubwa, maana yake umekuwa mtu wa hapa.

Nikazunguka nyumba. Dada, shamba lilikuwa safi kama sinia lililosuguliwa. Hakuna jani. Matuta yangu yote yamesawazishwa. Wanawake wamejipanga, jasho linawatoka, nyuso zinang'aa kwa furaha, na waliponiona wakapiga vigelegele.

"Karibu shambani kwako, mwali!" Mama Mwanasiti akasema. "Sasa panda mboga za watu!"

"Magugu yako wapi?" nikauliza.

"Usiwe na wasiwasi, hata mizizi tumefukua. Mbuzi wa mtaa mzima leo wana arusi."

Nikatazama. Mbuzi walikuwa njiani, kweli, wanatafuna mabua ya mwisho ya talakushe.

"Mbona haongei?" mmoja akauliza.

"Furaha hiyo. Bibi arusi anaona haya."

Ningesema nini? Waliamka alfajiri wakaacha mashamba yao. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni. Ningewaambia mmenilimia mume wangu, mmemng'oa na mizizi? Nikawapa mkono mmoja mmoja, nikasema Mungu awalipe, nikaingia jikoni kuwapikia wali. Nikawa nakuna nazi machozi yakitiririka kwenye kifuu.

"Mwali, unalia?"

"Kitunguu, mama."

"Kitunguu, na unakuna nazi?"

Wakacheka tena, wakasema kweli huyu ana mzaha.

Hamisi alifika na magunia yake ameshayakunja vizuri kwenye kiti cha nyuma. Akatazama shamba. Nilimwona akilitazama, kutoka mwisho mmoja mpaka mwisho mwingine. Akayachukua magunia akayaficha chini ya pikipiki. Kisha akaja akachukua birika na bakuli, akawanawisha mikono mama wale wote kwa zamu, akiinama, akisema, "Ahsanteni mama zangu. Mmemheshimu mke wangu." Dada, siku ile nilimpenda mpaka nikaogopa.

Walipoondoka akachutama akaupapasa udongo kwa kiganja. Hakunilaumu. Alisema tu, "Wanalima vizuri."

Yaliyofuata ni mafupi. Tulijaribu. Hamisi alikwenda bara huko, pande za Kikoneni, akapekua mabondeni penye unyevu, akarudi na fungu la mkononi. Tukawapa kabeji, wakaharisha. Yule bwana wa wanyamapori akaja kabla hata ya wingu. Aliwapima Diani akatikisa kichwa, akasema, "Nionyeshe hilo shamba basi." Akaja naye hapa mpaka uani.

"Palikuwa na magugu hapa, bwana," Hamisi akamwambia.

"Na sasa?"

"Wanawake wa kijiji walikuja wakanipalilia."

Bwana yule akatazama udongo ule msafi, akamtazama Hamisi. "Unaniambia watu wamekulimia shamba, na hiyo ndiyo shida yako?" Hakusema kwa kejeli. Ilikuwa kama anasubiri Hamisi apate jibu lililo bora zaidi.

Waliwachukua kwa makreti ya plastiki. Nahodha hakuingia kwenye kreti, ikabidi Hamisi ambebe mwenyewe mpaka garini, kifuani, kama mzazi anayempeleka mtoto kutahiriwa. Alimpangusa gamba kwa shati lake. Nahodha naye, alipowekwa chini, akanyoosha shingo yote kumtafuta mikononi, akidhani kuna chakula. Nilikuwa nimesimama pale na hina yangu mpya miguuni. Nilipaka kwa ajili yake.

Mpwa wa Mama Inge alituma ujumbe wa shukrani mzuri sana. Kaka mtu hakungoja hata Ijumaa. Tiketi imekuja. Hamisi anasafiri Jumapili.

Na mvua ilikuja, dada. Wiki tu baada ya gari lile kuondoka, na sasa ni wiki ya tatu inanyesha. Sikujua jambo moja kuhusu mchunga, kwamba mizizi yake ikikatwakatwa na jembe, kila kipande huwa mche. Wale mama walipofukua walipanda. Shamba lote limefunikwa nao, nene, kijani kibichi, mpaka kwenye njia ya kisimani, mpaka mlangoni. Mimi niliyeomba kwa goti sikupata hata robo ya hayo.

Juzi Mama Mwanasiti akapita. "Mwali, yamerudi hayo! Tuje tena?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, kobe, na yule bwana, na Jumapili. Akakaa chini kwenye tope na leso yake safi.

"Kumbe ulisema kweli."

"Nilisema, mama."

"Na ukatupikia wali."

"Nikawapikia."

"Wa nazi."

"Wa nazi, mama."

Akajifunika uso. Jana asubuhi nimemkuta yuko nyuma ya nyumba peke yake, anazungushia shamba matawi ya miiba mbuzi wasiingie. Sikumwambia kwamba hakuna tena wa kulindiwa magugu hayo. Nimemwacha, maana naona mikono yake inahitaji kazi.

Leo mchana nimeuchuma mchunga nikaupika kwa nazi, kama Mama apikavyo, nimemwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu lakini haukupungua. Hamisi ameula wote. Akaniambia, "Kumbe Nahodha alikuwa anafaidi." Tukacheka, halafu hatukuweza kutazamana. Akaniomba jambo moja tu, kwamba asipokuwepo mtu yeyote asilitie jembe shamba lile, hata mama yake. Nimemwahidi. Nitakuwa mke wa pekee Msambweni nzima anayesifiwa kwa kwekwe.

Dada, mimi sijui kukaa bila mtu huyu. Nimekaa naye muda mfupi hata jina langu la ndoa sijalizoea. Watu wananiambia vumilia, miaka miwili ni mchezo. Hawajui anasimamisha pikipiki wapi. Niombee, lakini usiniombee subira. Niombee asikae huko akawa mtu mwingine.

Mpe Mama salamu zangu, msimulie habari za kobe na mwambie wamehamia mahali penye majani mengi. Kuhusu Hamisi mwambie amesafiri kikazi, muda usimtajie mpaka kifua chake kipone. Baba mbusie mkono, mwambie kofia aliyomchagulia mkwewe ina mbegu mpaka leo, inakwenda nazo Uarabuni. Shemeji nimemletea kikoi kwa Bi Salma. Bibi yetu mzaa mama mwambie namkumbuka kila nikipaka hina, na mwalimu wetu wa chuo mwambie arubaini ya dua zake nazitaka zote. Watoto wako waambie wana shangazi wa kobe, jina lake Bi Taratibu, yuko salama na anakimbia.

Naishia hapa kwa kuwa wino na mwanga vinaniishia pamoja. Hamisi yuko nje na lile kopo lililotobolewa, anamwagilia mchunga. Nimemwita dirishani, nimemwambia, bwana, mvua imenyesha kutwa. Amesema, najua.

Mdogo wako asiye na siri kwako,
Zuhura